Enoch Sontonga: mwalimu wa kwaya ambaye wimbo wake ulibaki, daftari lake likapotea

Mwaka 2013, askari wa Tanzania, wa Afrika ya Kusini na wa Malawi walifika Kivu ya Kaskazini katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mwisho wa 2023, inchi hizo tatu zilituma askari tena, safari hii kwa jina la SADC, na wengi walikaa upande wa Sake, katika teritwari ya Masisi. Mtu akisikiliza wimbo wa taifa wa Tanzania, kisha akasikiliza ule wa Afrika ya Kusini, atashangaa: lugha ni mbalimbali, lakini melodi ya mwanzo ni ile ile moja.

Melodi hiyo haikutungwa na mwanasiasa wala na jeneralí wa jeshi. Iliandikwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misioni aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya, kijana wa miaka karibu 24, aliyeitwa Enoch Sontonga. Aliitunga kwa ajili ya wanafunzi wake. Alikufa mwaka 1905, hajaona hata kitabu kimoja chenye nyimbo zake, na kwa miaka karibu 90 hakuna aliyeweza kuonyesha kaburi lake.

Maisha yake yanafaa kujulikana hapa kwetu Masisi na Walikale, juu hapa pia kuna walimu wengi wa namna hiyo: asubuhi wako mbele ya ubao, jioni wako mbele ya kwaya.

Alizaliwa wapi, alisoma wapi

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa karibu na mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki ya jimbo la Cape, katika Afrika ya Kusini ya leo. Alikuwa Mxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, shule kubwa iliyoanzishwa na wamisionari kutoka Scotland. Wakati huo, Mwafrika aliyetaka kuwa mwalimu, mchungaji ama mwandishi wa gazeti alikuwa na milango michache sana ya kupitia, na Lovedale ulikuwa mmoja wao.

Katika shule za misioni, kuimba hakukuwa mchezo wa siku ya mapumziko. Lilikuwa somo. Mwalimu alijifunza kupanga sauti nne: soprano, alto, tenore na baso. Alijifunza pia kuandika nota kwa herufi peke yake, d, r, m, f, s, l, t, bila kuchora ile mistari mitano. Namna hiyo ya kuandika ilienezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19, na wamisionari wakaipeleka Afrika. Haiombi karatasi ya pekee wala piano. Kalamu na daftari vinatosha. Njo maana mwalimu maskini aliweza kuwa mtunzi.

Sontonga alipomaliza masomo, alitumwa kufundisha katika shule ya misioni ya Wametodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, upande ambako leo kuna Soweto. Alimwoa Diana, binti ya mchungaji mmoja aliyejulikana, na wakapata mtoto. Pamoja na kazi ya shule, Sontonga aliongoza kwaya, alihubiri kanisani na alipiga watu foto.

Mwalimu katika inchi ya migodi

Ili kuelewa wimbo wake, ni lazima kuelewa mahali alipokuwa anaishi. Dahabu ilikuwa imegunduliwa upande wa Johannesburg mwaka 1886. Miaka kumi baadaye, mahali palipokuwa pori palikuwa pamejaa watu kutoka kila kona: Waxhosa, Wazulu, Wasotho, Watsonga, na watu kutoka Msumbiji. Wanaume walishuka chini ya ardhi kila siku, na watoto walikua katika kambi na mitaa ya haraka haraka, mbali na kijiji cha babu zao.

Anayejua Rubaya, ama anayejua Bisie, hatahitaji kuelezwa sana. Mahali pa mgodi, pesa inapita lakini haikai. Mtoto anaona njia ya kwenda kwenye shimo karibu zaidi kuliko njia ya kwenda shule. Wenyeji na wageni wanaishi bega kwa bega, kila mmoja na lugha yake. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa namna hiyo hatafuti tu namna ya kufundisha kusoma. Anatafuta kitu ambacho wote wanaweza kukifanya pamoja. Kuimba ni kimoja kati ya vitu hivyo.

Mwaka 1897 Sontonga aliandika beti la kwanza na kiitikio cha wimbo alioupa jina Nkosi Sikelel' iAfrika, maana yake kwa Kixhosa: Bwana, ibariki Afrika. Ni sala. Hakutaja kabila hata moja. Katika mahali ambapo kila mtu aliulizwa kwanza yeye ni wa wapi, mwalimu alichagua jina linaloingiza wote.

Wimbo ulikuwa wa shule. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu wengi kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kimetodisti wa kabila la Tsonga. Mwaka ule ule vita vilianza kati ya Waingereza na Maburu, vikaendelea mpaka 1902. Kwaya ya Sontonga ilikuwa inatembea na kuimba Johannesburg na hata upande wa Natal. Watu walianza kuujua wimbo, ijapokuwa wengi hawakumjua mwenyewe.

Daftari la mwalimu

Sontonga alikuwa anaandika nyimbo zake katika daftari la shule, kaye kama watu wanavyosema huku. Hakuwa na mahali pengine pa kuziweka. Alikuwa na shabaha ya kuzichapisha kama kitabu, lakini tarehe 18 mwezi wa ine 1905 alikufa Johannesburg, akiwa na miaka karibu 32.

Daftari lilibaki kwa mjane wake, mama Diana. Walimu wengine wa kwaya walikuja kuliazima ili wanakili nyimbo. Wengine waliimba nyimbo hizo kwenye makutano yao. Inasimuliwa kwamba mjane aliuza haki ya ule wimbo mkubwa kwa peni sita tu, pesa ya kununua vitu vya siku moja. Mama Diana alikufa mwaka 1929. Daftari lenyewe, baada ya kupita mkono kwa mkono, lilipotea. Nyimbo nyingine alizotunga mwalimu huyo zilikwenda pamoja nalo.

Hapo kuna jambo la kukamata. Nkosi Sikelel' iAfrika haukuokoka juu ulikuwa umeandikwa katika kitabu cha serikali. Uliokoka juu wanakwaya waliushika kichwani, wakaufundisha wengine. Ile ambayo haikufundishwa kwa wengi, hakuna anayeijua leo.

Wimbo unatembea peke yake

Baada ya kifo cha mwalimu, kwaya ya shule ya Ohlange, shule iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, iliimba wimbo huo katika makutano ya Johannesburg na kuueneza. Tarehe 8 mwezi wa kwanza 1912, viongozi Waafrika walikutana Bloemfontein na kuunda chama kilichokuja kuitwa ANC. Walipomaliza, waliimba wimbo wa Sontonga baada ya sala. Alikuwa amekufa miaka saba iliyopita.

Mwaka 1923, mwandishi Sol Plaatje, mmoja wa wale waanzilishi, aliurekodi wimbo huo London kwenye sahani ya santuri. Mwaka 1925 ANC iliuchukua kama wimbo wake wa kufunga mikutano. Mwaka 1927 mshairi Mxhosa, Samuel Mqhayi, aliongeza beti saba. Mwaka 1942 ulichapishwa kwa Kisotho na Moses Mphahlele. Kila mmoja aliongeza tofali lake, na majina yao yameandikwa.

Katika miaka ya utawala wa ubaguzi wa rangi, kuuimba wimbo huo katika mkutano kulikuwa kama kutoa ushuhuda. Watu waliuimba makanisani, kwenye mazishi na mbele ya polisi. Ule wimbo wa watoto wa shule ulikuwa umekuwa wimbo wa watu waliokataa kudharauliwa.

Namna ulivyofika katika Kiswahili

Kwa wasemaji wa Kiswahili, wimbo huo unajulikana kwa jina Mungu ibariki Afrika. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1961, ilichukua melodi ya Sontonga na kuiweka maneno ya Kiswahili. Baada ya kuungana na Zanzibar mwaka 1964, ulibaki kuwa wimbo wa taifa wa Tanzania. Watu wengi wa Kivu waliopitia kambi za Kigoma wakati wa vita vya 1996 na 1998, ama wafanyabiashara wanaokwenda Dar es Salaam kuchukua mali, wanaujua.

Zambia ilichukua melodi hiyo hiyo mwaka 1964 na kuiweka maneno yake. Zimbabwe iliitumia kama wimbo wa taifa tangu uhuru wa 1980 mpaka 1994. Afrika ya Kusini yenyewe ilikuja mwisho. Mwaka 1994, baada ya uchaguzi uliomweka Nelson Mandela kuwa rais, wimbo wa Sontonga ulikubaliwa pamoja na ule wa zamani wa serikali ya wazungu. Mwaka 1997 nyimbo hizo mbili ziliunganishwa kuwa mmoja, wenye lugha tano: Kixhosa, Kizulu, Kisotho, Kiafrikaans na Kiingereza.

Kaburi lililotafutwa kwa jina baya

Uhuru ulipofika, watu waliuliza: huyu mwalimu amezikwa wapi? Ilijulikana kwamba alikufa Johannesburg, lakini hakuna aliyekuwa anajua mahali. Watafiti walipekua vitabu vya makaburi wakitafuta jina Sontonga. Hawakuliona.

Kumbe katika kitabu cha makaburi ya Braamfontein mwalimu alikuwa ameandikwa kwa jina Enoch peke yake. Siku hizo, karani mzungu hakujisumbua kuandika jina la ukoo la mtu mweusi. Herufi tano hizo ziliwatosha wao, na zikamficha mtu kwa miaka karibu 90.

Tarehe 24 mwezi wa kenda 1996, siku ya urithi wa taifa, mahali hapo palitangazwa kuwa ukumbusho wa taifa, na rais Mandela alifungua jiwe la kumbukumbu. Siku hiyo pia Sontonga alipewa medali ya heshima ya inchi, miaka 91 baada ya kufa. Mke wake hakuwako tena kuipokea.

Na huku Kongo?

Kongo nayo ina deni kwa watu wa kanisa katika mambo ya nyimbo za taifa. Maneno ya Debout Congolais, wimbo wa uhuru wa 1960, yaliandikwa na Mjesuiti Simon-Pierre Boka, na muziki ulitungwa na Joseph Lutumba. Wimbo huo uliwekwa pembeni mwaka 1971, wakati inchi ilipoitwa Zaïre, na ukarudi mwaka 1997. Watoto wa shule wa Masisi-centre, Nyabiondo, Walikale-centre na Mubi wanauimba kila asubuhi bendera ikipanda. Wangapi wanajua majina ya Boka na Lutumba?

Mfano mwingine unatoka Kamina, Katanga. Mwaka 1953 alifika huko padri Mfransisko Mbelgiji, Guido Haazen. Alikusanya wavulana karibu 45 wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu 15 wa shule, akaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Wakati huo misa ilikuwa inaimbwa kwa Kilatini, na ngoma zilikatazwa katika makanisa mengi. Kwaya ya Kamina ilishika maneno ya Kilatini bila kuyabadilisha, lakini ikayaimba kwa sauti za Waluba na za watu wa Kasai, pamoja na ngoma. Sehemu moja ilifuata namna ya kasala, nyimbo za Waluba za kusifu na kuomboleza. Nyingine ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana.

Kazi hiyo inaitwa Missa Luba. Iliimbwa Kamina mwezi wa tatu 1958, na mwaka huo huo kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba katika maonyesho makubwa ya Brussels na katika inchi nyingine. Sahani yake iliuzwa duniani kote, na vipande vyake viliingia katika filamu. Ilitangulia mtaguso wa pili wa Vatikano, ambao mwaka 1963 ulisema kwamba muziki wa kila taifa upewe nafasi yake katika ibada, na ilitangulia miaka 30 kibali ambacho Roma ilitoa mwaka 1988 kwa misa ya desturi ya Zaïre, ile ambayo Wakatoliki wengi wa Kongo wanaijua leo.

Sasa, ni nani aliyetunga Missa Luba? Hakukuwa na nota zilizoandikwa mwanzoni. Walimu na watoto walijaribu, walisikiliza, walirekebisha, walikumbuka. Ni kazi ya wengi. Kwenye sahani kuna jina la padri Haazen, na kuna jina la mwimbaji mkuu, Joachim Ngoi, aliyekuwa mwalimu wa shule Kamina. Lakini majina ya walimu wengine hayakwenda mbali kama sauti zao. Dunia inajua walivyoimba, haijui waliitwa nani.

Mwimbaji wa Walikale aliyeandikwa jina

Hata hivyo Walikale ina mfano mzuri, ijapokuwa si wa kanisa. Mwaka 1956, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa kwa Wanyanga, akitafuta mtu anayeweza kueleza hadithi ndefu ya shujaa Mwindo. Alimpata She-Karisi Candi Rureke. Mzee huyo alisimulia, akaimba na akacheza kwa siku 12, akisaidiwa na vijana waliopiga vijiti, na watu wakiitikia. Maneno yake yaliandikwa yote kwa Kinyanga.

Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, kimetayarishwa na Biebuyck pamoja na msomi Munyanga, Kahombo Mateene. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wanasoma habari za Mwindo. Na wanasoma pia jina la Rureke, juu wale walioandika hadithi waliandika na jina la aliyeisimulia. Karatasi hiyo moja ndiyo tofauti kati ya mzee wa Walikale na wale walimu wa Kamina.

Kwa nini mwalimu wa shule ndiye mwalimu wa kwaya

Katika Masisi na Walikale, si bahati kwamba mara nyingi mtu mmoja anashika kazi hizo mbili. Shule nyingi ni za makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na wengine. Mwaka 1977 serikali ya Zaïre ilitia saini mkataba na makanisa juu ya kuongoza shule, na mpaka leo shule hizo zinaitwa conventionnées. Kanisa likitafuta mtu anayejua kusoma vizuri, anayeweza kusimama mbele ya watu, na ambaye watoto wanamsikia, linamtazama mwalimu. Jioni anaitwa maestro, lakini kesho asubuhi ni mwalimu tena.

Kazi ya kwaya haina mshahara. Hata ile ya shule, walimu wengi wamepitisha miaka bila kuandikwa kwenye orodha ya serikali. Pamoja na hayo, maestro anatunga wimbo wa Krismasi, wimbo wa ndoa, wimbo wa msiba, wimbo wa kupokea askofu ama mchungaji mkuu. Anatunga kwa Kihunde, kwa Kinyanga, kwa Kikumu, kwa Kitembo, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili. Mara nyingi kwaya moja inaimba lugha tatu ama ine katika ibada moja. Watu ambao wakati wa vita waligawanywa kwa lugha, siku ya yenga wanashika sauti zao katika wimbo mmoja. Nancefield ya 1897 haiko mbali.

Lakini vita vimeharibu mambo mengi. Tangu mwaka 1993, fujo ilipoanza Ntoto katika Walikale na kuingia Masisi, vijiji vimekimbiwa mara nyingi. Mtu anapokimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro kama ana nguvu. Kaye ya nyimbo inabaki juu ya meza. Nyumba ikichomwa, imekwisha. Kwaya yenyewe inatawanyika: soprano wako Goma, baso wako Minova, maestro yuko Kisangani ama amekufa. Wakikutana tena baada ya miaka, wanakumbuka beti mbili za wimbo uliokuwa na beti tano. Na wakiulizwa nani aliutunga, wanajibu: ni wimbo wa zamani.

Namna ya kulinda nyimbo na majina

Maisha ya Sontonga, ya walimu wa Kamina na ya mzee Rureke yanaonyesha mambo machache ambayo kila kwaya inaweza kufanya bila pesa nyingi.

Jina kamili. Chini ya kila wimbo, andika jina, postnom na prénom ya mtunzi. Kuandika "Mwalimu Pierre" peke yake ni kufanya kosa lile lile la karani wa Braamfontein. Miaka 30 baadaye, Mwalimu Pierre watakuwa kumi.

Mahali na mwaka. Andika kijiji, grupema, teritwari na mwaka. Kama wimbo ulitungwa kambini, andika kambi gani. Hiyo pia ni historia.

Nani alifanya nini. Mara nyingi mmoja anatoa maneno, mwingine melodi, mwingine anapanga sauti nne. Kama wimbo ni wa kwaya nzima, andika majina ya waliokuwako.

Nakala mbili, mahali mbili. Daftari moja likae kwa maestro, lingine parokiani, kwenye ofisi ya kanisa ama kwa mwanakwaya anayekaa mji mwingine. Sontonga alikuwa na moja tu.

Sauti kwenye telefone. Kwaya nyingi zinajirekodi siku hizi. Kabla ya kuimba, mtu mmoja aseme jina la wimbo, la mtunzi, mahali na tarehe. Sauti hiyo itabaki hata kama jina la faili limebadilishwa. Kisha wapelekee watu watano na zaidi, juu telefone nayo inaibiwa ama inaanguka mtoni.

Haki ya familia. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inamlinda anayetunga, na haki zake zinaweza kufika kwa warithi wake. Shirika la SOCODA lina kazi ya kuwapokea watunzi wa muziki. Mjane ama yatima akiombwa kuuza kaye ama kutoa nyimbo kwa mtu wa studio, asikubali haraka. Aite kwanza mtu anayejua kusoma mkataba. Peni sita za mama Diana ziko za namna nyingi.

Kumkumbuka akiwa hai

Mara nyingi maestro anasifiwa siku ya kumzika. Kwaya inavaa nguo moja, inaimba nyimbo zake zote, watu wanalia, na pasta ama padri anasema kwamba alimtumikia Mungu mpaka mwisho. Ni vizuri. Lakini siku hiyo hawezi tena kusahihisha beti lililokosewa, wala kueleza kwa nini katika beti la tatu tenore wanaingia kabla ya wengine.

Sontonga hakupata mtu wa kukaa naye jioni moja na kumuuliza: mwalimu, nyimbo hizi zote ni ngapi, na ulizitunga lini? Swali hilo halihitaji mradi wala ofisi. Linahitaji kijana mmoja wa kwaya, kaye mpya na kalamu, jioni moja baada ya repetisyo, kabla watu hawajaondoka nyumbani.